Nani Bado Yuko Hai

Jumatatu, 4 Machi 2019

Nesi ameniambia niandike kila tone la dawa ya macho ninalomtia Elie, ili daktari ajue kama tunaruka siku. "Wewe andika tu, nyabo," alisema kwa lafudhi ya huku. "Dakitali atasoma." Basi nimenunua daftari sokoni Kalerwe, na hili ndilo.

Asubuhi tone moja kila jicho. Mchana nilikuwa kazini Nakivubo, Elie anasema amejitilia mwenyewe. Jioni tone moja kila jicho.

Jicho la kushoto limekwisha. La kulia linaona, lakini kama mtu anayechungulia ndani ya bomba: akikutazama usoni haoni mikono yako. Ni presha ya jicho, na daktari anasema kilichopotea hakirudi. Elie ni mdogo wangu, huniita yaya, yaani dada mkubwa. Ana miaka ishirini na miwili.

Jumatano, 6 Machi

Matone yote. Mvua haijaanza. Vumbi la Kyebando linaingia hadi kwenye sufuria.

Ijumaa, 8 Machi

Nimerudi nikamkuta Travis tena, amejilaza kwenye kitanda changu na viatu vyake. Travis ni Mkenya, kwao Bungoma, amepanga chumba cha tatu kutoka chetu. Sijui anafanya kazi gani. Ana televisheni na mashine ya gemu, na vyote amevihamishia kwetu kwa sababu, anasema, dirisha lake halifungi.

Mchana kutwa wanacheza gemu moja tu la kutisha. Kuna vijana sita wamekwama kwenye hoteli iliyoachwa mlimani, theluji imefunga barabara, na kuna kitu kinawawinda. Gemu linakuuliza: uende kushoto au kulia, ufungue mlango au ujifiche, umwambie mwenzako ukweli au unyamaze. Ukikosea mtu anakufa, na hakuna kurudi nyuma, maana gemu linajihifadhi lenyewe. Elie anataka wote sita wafike asubuhi.

Nilimwambia, "Tumekimbia vitisho vya kweli, na wewe unakaa kutafuta vya uongo."

Akasema, "Hivi vya uongo, yaya, unapewa muda wa kuchagua."

Matone yote.

Jumapili, 10 Machi

Misa Lubaga. Alasiri Kasereka akapiga simu kutoka Butembo, kama kila Jumapili. Ni kaka yetu mkubwa, ndiye aliyetulea. Tulipokimbia vita sisi, yeye alibaki na mke wake Kavira na watoto watatu, kwa ajili ya shamba la kakao. Njia ya kwenda shambani si salama, lakini habari ya njia hasemi. Alimuuliza Elie habari za wale sita kana kwamba ni majirani zetu.

"Yule Nora wako anayetembea na taa, bado yuko hai? Mwambie avae sweta."

Elie alicheka mpaka akakohoa.

Alhamisi, 14 Machi

Matone yote. Elie amemwaga chai, hakuona kikombe.

Jumamosi, 16 Machi

Travis amepata kazi kwenye ghala huko Mbale, anaondoka kesho. Nilidhani amekuja kuchukua vitu vyake.

"Viache hapa, sista," akasema. "Mbale nitavifanyia nini?"

Nikamvuta nje nikamwambia Elie haoni tena alama zinazotokea kwenye kioo. Nani atamchezea?

"Si wewe upo," akasema.

Akachukua kipande cha boksi akanichorea vile vifungo vinne vya pedi ya kuchezea gemu, na vijiti viwili, na namna ya kuweka vidole. Alinieleza mara tatu, polepole, bila kunicheka. Nimeona aibu kidogo kwa yale niliyoandika hapo juu.

Jumatatu, 18 Machi

Leo nimeshika pedi kwa mara ya kwanza maishani.

Elie alisema, "Mimi nachagua, wewe unabonyeza. Lakini uniambie unachokiona, chote."

"Naona korido."

"Ya namna gani?"

"Ndefu, ina zulia jekundu. Mlango wa kulia uko wazi kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mkono unapita."

"Usiingie. Mlango ulioachwa hivyo, kuna mtu ameuacha makusudi."

Tukapita kushoto. Mbele kidogo Nora alijificha chini ya meza na kile kitu kikapita karibu naye. Hapo inabidi ushike pedi bila kuitikisa hata chembe, ukiitikisa kinasikia. Nilibana pumzi. Elie naye alibana pumzi, ingawa mikononi hakuwa na kitu.

Tulipozima aliniuliza, kama nilivyokuwa nikimsikia akimuuliza Travis, "Nani bado yuko hai?"

Nikawahesabu kwa majina. Wote sita.

Nusura nisahau tone la jioni.

Jumapili, 24 Machi

Kasereka ameambiwa kwamba ninayecheza sasa ni mimi. Akauliza, "Julienne huyu aliyekuwa anakimbia vyura?"

Matone yote.

Jumamosi, 30 Machi

Mvua, hatimaye. Imepiga mabati hatukusikia gemu linasema nini, tukasubiri ipungue. Wote sita.

Jumanne, 2 Aprili

Matone yote. Wote sita. Naona ninaanza kuandika hayo mawili pamoja.

Ijumaa, 5 Aprili

Daktari amepima. Dawa imeshindwa, presha ya jicho la kulia bado iko juu. Anataka kulipasua, atengeneze kinjia cha kutolea maji. Hakutuficha kitu: inaweza kuokoa kile kidogo kilichobaki, inaweza pia isiokoe. Elie akauliza tukiacha itakuwaje. "Utapoteza hicho kidogo, ila taratibu," daktari akasema.

Elie alinigeukia. "Yaya, unaonaje?"

Nyumbani, kwenye gemu, anachagua yeye. Pale alinitaka nichague mimi. Nikasema tupasue.

Alhamisi, 11 Aprili

Amepasuliwa asubuhi, tumerudi nyumbani jioni. Jicho limefungwa bandeji; matone kwa sasa ni ya kushoto tu. Masharti ya wiki sita: asiiname, asibebe kitu, asikohoe kwa nguvu, asilie. Hili la mwisho nesi alilirudia akinitazama mimi. Nyuzi ni nyembamba kuliko unywele.

Madam Aluoch, mwenye duka la mapazia ninalofanyia kazi, amenipa siku tatu bila kunung'unika.

Jumapili, 14 Aprili

Jumapili ya Matawi. Kasereka alipiga. Mvua imewazidi huko, daraja dogo la shambani linayumba. Aliongea na Elie muda mrefu, nikawaacha, nikatoka kuanua nguo.

Jumatano, 17 Aprili

Saa tano asubuhi Tarcisio alikuja dukani. Ni mtu wa kwetu, anauza vitenge mstari wa pili, na hakuwahi kuja asubuhi. Hakuketi. Aliniuliza kama nina mtu wa kunishika. Nikamwambia aseme tu.

Kasereka ameuawa jana alasiri, akitoka shambani. Amezikwa leo asubuhi, hawakungoja, njia hazikuwa salama.

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka nilikuwa nimeshika pazia la mteja, la rangi ya maziwa, na kwamba Madam Aluoch alilitoa mikononi mwangu kidole kimoja kimoja. Alinikalisha nyuma ya duka akafunga mlango wa mbele, mchana, siku ya kazi. Yeye ambaye hafungi hata kwa chakula. Nililia huko mpaka nikamaliza. Kisha nikanawa uso kwenye ndoo.

Njiani nilikuwa na jambo moja tu kichwani: asilie. Wiki sita. Ilikuwa siku ya sita.

Elie alikuwa amekaa kwenye kiti, bandeji usoni. "Umewahi leo," akasema. "Tucheze?"

Ningekataa angeuliza sababu. Nikawasha.

Nora alikuwa kwenye chumba cha kufulia nguo. Elie aliniuliza ninaona nini nikamweleza, akachagua vizuri, kila kitu alichagua vizuri. Ajifiche nyuma ya mashine. Nilishika pedi. Kile kitu kikaingia. Nilikuwa ninatakiwa kutotikisika, na mikono yangu ilikuwa inatetemeka toka saa tano asubuhi. Kilisikia.

Sitaandika alivyokufa, ila hakutoa sauti.

"Kimepita?" Elie akauliza.

"Kimepita."

"Yuko hai?"

"Yuko hai," nikasema. "Amejikunja nyuma ya mashine. Taa imezimika lakini yeye yuko hai."

Akashusha pumzi. "Na wengine?"

"Wote sita."

Matone sijui. Nafikiri nilitia.

Ijumaa, 19 Aprili

Ijumaa Kuu. Nilimwambia Elie nakwenda Njia ya Msalaba. Nilikwenda kwa Tarcisio, Katwe, ambako watu wa kwetu walikaa matanga. Waliniuliza Elie yuko wapi. Nikawaeleza habari ya jicho, wakaelewa, wakaahidi kunyamaza. Nimemwimbia kaka yangu nyimbo za kikwetu sauti ya chini. Niliporudi Elie aliniuliza kama kanisa lilijaa. Nikasema lilijaa.

Jumapili, 21 Aprili

Pasaka. Simu haikulia. Nilisema mtandao umekatwa kule kwao.

"Hata Pasaka?" akasema.

Alikaa ameelekeza uso kwenye simu mpaka saa kumi. Nikashindwa kuvumilia. Kwenye simu yangu kulikuwa na ujumbe wa sauti wa Kasereka wa mwezi wa pili, ambao nilisahau kumsikilizisha Elie. Nilisema umeingia sasa hivi.

"Elie, mdogo wangu, habari za huko. Sisi tupo, watoto wapo, kukavu tu, tangu Noeli tone halijaanguka. Usichoke kutia dawa. Mimi nakuombea."

Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nikamkumbusha asiiname. Akanyanyua.

"Rudia," akasema.

Nikarudia mara nne.

Jumatano, 24 Aprili

Matone yote. Mvua. "Nani bado yuko hai?" Wote sita.

Jumamosi, 27 Aprili

Mvua imebomoa ukuta wa choo. Wote sita.

Naongea kwa ajili ya Nora sasa. Nasema ametangulia kukagua, amelala, amewasha taa tena. Wenzake wanapita peke yao kwenye theluji, na mimi nasema yuko nyuma yao. Kila siku Elie ananiuliza kuhusu Kasereka na kila siku mtandao bado umekatwa.

Jumamosi, 4 Mei

Travis amekuja kutoka Mbale na begi la maembe na karanga. Elie alifurahi, akampa pedi. Kabla sijapata namna ya kumtoa nje, Travis alifungua ile orodha ya wahusika, akaona picha ya Nora imepigwa mstari. Akafungua mdomo. Nilimtazama tu. Sikutikisa kichwa wala nini.

Akaufunga mdomo. Kisha akasema, kwa sauti yake ya kawaida, "Huyu Nora wenu anatembea polepole kweli."

"Amechoka," Elie akasema.

"Basi nitamngoja mlangoni."

Alicheza saa mbili hivyo, akimngoja mlangoni mtu ambaye hayupo. Nilipomsindikiza nilimweleza yote, ya Nora na ya Kasereka. Alisimama kwenye matope. "Sista, mimi sikuhukumu," akasema. "Lakini huyo ni kaka yake pia." Nilikuwa nimemwona mvivu, mtu wa kulala na viatu. Leo ndiye mtu pekee aliyeniambia hivyo.

Ijumaa, 10 Mei

Wametoa bandeji ya mwisho. Daktari alimulika tochi, akasogeza vidole, akamulika tena. Mvua ilikuwa imetia giza chumbani, nesi akawasha taa. Elie akauliza, "Mmewasha?" Halafu akauliza, "Ni mchana?"

Daktari akaweka tochi mezani.

Haikuokoa. Daktari ameshika mkono wake akamwambia mwenyewe, kwa upole, na kumweleza kwamba dawa tutaendelea nayo kwa ajili ya maumivu tu. Elie akasema asante. Njia nzima alinishika bega.

Niliyechagua kupasua ni mimi.

Nyuzi hazina tena cha kulinda. Sababu ya kumficha imekwisha leo, na nimefika nyumbani, nimepika, tumekula, na sikusema.

Jumatatu, 13 Mei

Nilikuwa nachambua mchele. Hatukuwa tumewasha gemu.

"Nora alikufa lini?" akauliza.

"Nora yuko..."

"Yaya. Tangu Jumatano ile hajasema neno. Wenzake wanaongea, wanaitana majina. Hakuna anayemwita yeye."

Nikaweka ungo chini. "Nilikosea. Mkono uliniponyoka."

"Siku hiyohiyo?"

"Siku hiyohiyo."

Akasema, "Na Kasereka?"

Niliokota punje ya mchele sakafuni, na hilo likawa jibu.

"Siku ya Matawi aliniambia mvua imewazidi, daraja linayumba," akasema. "Wiki moja baadaye unanisikilizisha sauti yake inasema kukavu tangu Noeli. Nimepofuka, yaya, sijawa mjinga."

"Mbona hukuniambia kwamba unajua?"

"Nilikungoja wewe. Kila jioni nilikuuliza nani bado yuko hai. Nilikuwa nakuuliza yeye."

Nilimwambia habari ya masharti, kwamba asilie, kwamba nyuzi, na habari ya matanga ya Katwe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Jicho limekufa vilevile," akasema. "Na kaka yangu mmemlilia, mmemwimbia, mmemaliza. Mimi nimekaa hapa nachagua milango."

Akageukia ukutani.

Jumanne, 14 Mei

Hasemi nami. Dawa anajitilia, nyingine inamwagika shavuni.

Jumatano, 15 Mei

Hasemi.

Alhamisi, 16 Mei

Nimempigia Travis. Nimemuuliza nifanye nini. "Akikuuliza, mwambie yote," akasema. "Usipunguze. Na asipouliza, kaa hapohapo karibu."

Mvua imepungua. Madam Aluoch amempelekea Elie uji wa wimbi kwenye chupa, akaupokea. Kwake alisema asante.

Jumapili, 19 Mei

Leo baada ya misa Elie alisema neno la kwanza kwangu tangu Jumatatu. "Tulimalize."

Nikawasha. Nilimwambia ninachokiona, na nilipofika mahali Nora alipopaswa kuwepo nilisema hayupo. Alichagua kama zamani, bila haraka. Wale watano waliteremka mlima, kukapambazuka, gari likawakuta barabarani. Mwishoni gemu likaandika majina.

"Soma," akasema.

Nikasoma watano, na mbele ya kila mmoja, amepona. Kisha nikasoma, "Nora. Alifia chumba cha kufulia."

"Sasa Kasereka. Niambie hivyohivyo."

Nikazima televisheni. Nikamwambia yote kama Tarcisio alivyoniletea kidogo kidogo. Jumanne tarehe kumi na sita, mwezi wa nne, alasiri. Walikuwa watatu wakitoka mashambani: yeye, kijana mmoja jirani, na mzee Kambale. Watu wenye bunduki walitokea karibu na lile daraja. Kijana alikimbilia kwenye kakao. Kasereka naye alikuwa ameshaingia kwenye kakao, ameshapona, lakini mzee alianguka, Kasereka akarudi kumnyanyua. Alimsukuma mzee kwenye majani. Hakuwahi kuingia tena mwenyewe.

"Alirudi," Elie akasema.

"Alirudi."

"Na mzee yuko hai?"

"Yuko hai."

"Kweli?"

"Kweli. Ndiye aliyesimulia."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, amejiinamia hadi magotini, akikohoa, kama nilivyolia mimi nyuma ya duka, na nilikaa naye chini sakafuni. Jirani alikuja mlangoni akatazama, akaondoka. Sijui ilichukua muda gani. Chakula kilipoa.

Baadaye akaomba nimpigie Kavira. Nikaweka simu katikati yetu, sauti juu. Kavira aliposikia ni Elie hakusalimu. Aliuliza tu, "Elie, siku zote hizi ulikuwa wapi?"

Elie akakaa wima. "Nilichelewa, shemeji. Unisamehe."

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi nilimficha, Kavira. Hakuwa anajua."

Nilingoja anitukane. Watoto walisikika nyuma yake. Mwisho akasema, "Mimi nami hawa watoto niliwaambia baba yao yuko hospitali. Siku mbili." Halafu akasema, "Ngoja wamsalimie."

Wawili wakubwa walisalimu kwa haya. Wa mwisho, Kahindo, msichana wa miaka sita, aliileta simu mdomoni kabisa, tukamsikia anapumua ndani yake.

"Baba mdogo, macho yamepona?"

Nilimtazama Elie. Tangu Ijumaa ile hospitalini alikuwa hajamwambia mtu mwingine ila mimi.

"Hapana, Kahindo," akasema. "Sioni tena."

"Pole, baba mdogo."

"Pole na wewe, mama."

"Pole," Kahindo akasema tena, kama mtu anayejifunza neno.

"Pole, mama. Pole sana."

Waliendelea hivyo, huyu pole na huyu pole, mpaka simu ikakatika.